Tuleteeni madaktari wa wanyama mjini: barua ya wazi kutoka Chanika

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Rasi wa Ndaki ya Tiba ya Wanyama na Sayansi za Afya, Waziri wa Mifugo na Uvuvi, na wakurugenzi wa halmashauri zote tano za mkoa wa Dar es Salaam.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Chanika, mfugaji wa kuku wa mayai na ng'ombe wawili wa maziwa. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika ufugaji. Nawaandikia kuomba jambo moja tu: wanafunzi wa tiba ya wanyama walio miaka ya mwisho pale Morogoro waletwe Dar es Salaam kujifunza kazi kwa mpangilio unaoeleweka, wakae miezi, waingie kwenye mabanda yetu, minada yetu, machinjio na masoko yetu. Ili mnielewe, itabidi nianze na kuku wangu waliokufa.

Mwaka jana mwezi wa tano nilikuwa na kuku 420, wamefika wiki ya 26, utagaji umeshika vizuri, nakusanya karibu trei kumi na mbili kwa siku. Jumatatu asubuhi nikafungua banda nikakuta sita wamelala chini, wawili wao shingo zimepinda. Wengine wamejikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani. Jumanne wakafa ishirini na mmoja. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Kijana wa dukani hakuniuliza kuku wana umri gani wala wamechanjwa nini. Alinipa paketi nne za antibiotiki, akasema changanya kwenye maji siku tano. Wakaendelea kufa. Nikarudi, akanipa nyingine, kali zaidi na ghali zaidi.

Alhamisi jioni akaja kijana wa jirani yangu, anasoma mwaka wa nne Morogoro, alikuwa nyumbani likizo.

"Shikamoo mama. Nasikia kuku wanakusumbua."

"Marahaba baba. Wananimaliza."

Hakushika dawa. Aliomba kuku aliyekufa muda si mrefu, kisu kikali, glavu, na ndoo ya maji yenye dawa. Binti yangu akamshikia tochi ya simu. Akamlowesha yule kuku ili manyoya yasipeperuke, akachana ngozi ya kifua, akabana mbavu zikalia, akainua kidari chote juu. Akatoa matumbo akayatandaza juu ya mfuko mtupu wa chakula cha kuku. Mbele ya firigisi kuna kifuko kidogo kinene. Miaka yote nimekuwa nikikitupa bila kukitazama. Alikipasua kwa urefu, akakisuuza kidogo, akatuita tusogee. Ndani kuna vichunusi vidogo vidogo vimejipanga, na juu ya vingi vyao kulikuwa na doa la damu, kama shanga nyekundu zilizoshonwa kwenye kitambaa.

"Hii ina sura ya mdondo," akasema, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri.

Nikamwambia haiwezekani, nimewachanja wiki tatu zilizopita kwa mkono wangu mwenyewe. Akanyamaza, akanawa mikono taratibu. Kisha akaniuliza, "Mama, chanjo ulichanganya na maji gani?"

Maji ya bomba. Miaka saba nilikuwa nachanja kwa maji ya kisima cha jirani. Mwaka ule tukaunganishiwa bomba, nikaona maji safi ya bomba ndiyo yanafaa zaidi kwa chanjo. Akanieleza kwamba chanjo ile ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, na dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu inaiua na chanjo. Nilitakiwa nitumie maji ya kisima au ya mvua, au ya bomba niyatie kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kuku wakae na kiu saa moja au mbili, halafu wayamalize maji yale ndani ya saa mbili. Kuhusu zile paketi za dukani, alisema mdondo unaletwa na kirusi, na antibiotiki haziui kirusi hata ukizinywesha mwezi mzima.

Nilibaki na kuku 110.

Lipo jambo la pili katika habari hii ambalo limenichukua muda kulisema hadharani. Siku zile nilipokuwa nawanywesha dawa, mayai machache yaliyotagwa niliyauza kwa kijana wa chipsi pale kituoni, kama kawaida. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dawa ina siku zake za kusubiri kabla yai halijaliwa. Kijana wa jirani ndiye aliyenionyesha maandishi kwenye paketi, madogo mno, na si Kiswahili. Watoto wa shule ndio wanaokula chipsi mayai pale. Leo tunaambiwa dawa zinagoma kutibu watu hospitalini kwa sababu vimelea vimezizoea, na mimi najua kwamba sehemu ya mazoea hayo imepikwa kwenye mabanda kama langu.

Kesho yake kijana akaniambia nipeleke mizoga miwili Veterinari. Waheshimiwa, nimezaliwa mji huu. Nimepita kituo cha Veterinari kule Temeke mara zisizohesabika, nimesikia makonda wakipaza "Veterinari hapo, shukeni!" tangu nasoma shule ya msingi. Kichwani mwangu lilikuwa jina la kituo tu, kama Buguruni au Tazara. Sikujua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna maabara kuu ya magonjwa ya wanyama ya nchi nzima, na kwamba mfugaji wa kawaida anaweza kuingia na mzoga wake kwenye mfuko akapokelewa. Walinipokea vizuri, na majibu yao yakawa yaleyale ya kijana: mdondo. Niliambiwa pia kwamba wakala wa serikali unaoendesha maabara hiyo ndio unaotengeneza chanjo ya mdondo ya tone moja jichoni, ile isiyoharibika upesi na joto, yenye jina lililotokana na Temeke yenyewe. Dawa ya msiba wangu ilikuwa na jina la mtaa wa mjini kwangu, na mimi sikuijua.

Basi nikaanza kuuliza: huyu kijana amefundishwa wapi kuuliza swali lile? Nikamkalisha barazani siku mbili. Baadaye nikaenda Morogoro mwenyewe kwa treni, binti yangu akiwa pembeni. Ningependa wazazi wenzangu wanaosoma barua hii wajue nilichokikuta, kwa sababu wengi wetu tunajua Muhimbili na Mlimani, na hapo ndipo ramani yetu ya vyuo inapoishia.

Shahada ya tiba ya wanyama ilianza kufundishwa Morogoro mwaka 1976, wakati kampasi ile bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo vijana wetu walikwenda Kabete, Nairobi, au ng'ambo. Mwaka 1984 kampasi ikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12 mwaka huohuo, palepale mkoani Morogoro. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli. Sikuwahi kuliunganisha hilo, na nilipoliunganisha nilisimama kidogo pale getini.

Masomo ni miaka mitano. Miwili ya mwanzo mwanafunzi anajifunza mwili mzima ulivyojengwa na unavyofanya kazi, na si mwili mmoja: ng'ombe mwenye tumbo la vyumba vinne, farasi, mbwa, nguruwe, kuku asiye na meno. Katikati wanasoma vimelea, minyoo, kupe, dawa, na namna ya kuusoma mzoga kama alivyousoma yule kijana. Mwishoni wanaingia kwenye tiba yenyewe: upasuaji, uzazi, magonjwa ya makundi, ukaguzi wa nyama, usalama wa chakula. Wana hospitali ya wanyama ya kujifunzia palepale, na kuna utafiti mdogo ambao kila mmoja anaufanya na kuuandika. Daktari wa watu anasoma kiumbe mmoja anayeweza kusema "naumwa hapa". Hawa wanasoma viumbe wengi wasiosema chochote.

Ndaki, yaani sehemu ya chuo inayofundisha tiba hiyo, haina shahada hiyo peke yake. Ipo ya bioteknolojia na sayansi za maabara, kwa wale watakaokaa na darubini na mashine za kusoma vinasaba. Zipo stashahada. Ipo shahada ya uzamili ya afya ya jamii na usalama wa chakula, ambayo kwangu mimi ndiyo ingepaswa kutangazwa kwenye kila halmashauri ya mji huu. Mwanafunzi aliyepitia vyuo vya mifugo kama Tengeru au Mpwapwa akafaulu vizuri anaweza kupanda mpaka hapo. Anayetoka kidato cha sita, Kemia na Baiolojia ndizo nguzo.

Na wapo panya buku. Nilikuwa nimesikia habari zao redioni nikadhani ni hadithi. Ndani ya eneo la chuo hicho, shirika la APOPO linafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akatambua mabomu mengi hata akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Kwetu Dar es Salaam habari ni ya karibu zaidi: makohozi ya wagonjwa wa mji huu yamekuwa yakinuswa na panya hao, na wapo watu ambao darubini ilisema hawana kitu, panya akasema warudieni, wakarudiwa wakakutwa wanao. Inawezekana mmoja wao alikuwa anakaa kiti cha nyuma yangu kwenye daladala.

Sasa turudi mjini. Watu wanadhani mifugo iko Shinyanga, Simiyu, Manyara. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni kweli wengi wako huko. Lakini wanaishia wapi? Wanashuka mnada wa Pugu, kilomita chache kutoka nyumbani kwangu. Nawaona alfajiri wakishushwa kwenye malori, miguu imekufa ganzi, wengine hawawezi kusimama. Kutoka hapo wanakwenda Vingunguti na machinjio mengine, jioni wako kwenye mishikaki. Kuku wanatoka Singida na Dodoma kwenye matenga juu ya mabasi, wanafika Kisutu na masoko mengine, wamekanyagana na wa mikoa mitatu. Ugonjwa wowote ulioko kwenye mifugo ya nchi hii una tiketi ya kuja Dar es Salaam.

Mwaka 2006 kwenda 2007, homa ya Bonde la Ufa, ambayo watu huipata pia kutoka kwa mifugo, iliua watu zaidi ya 100 nchini, Dodoma na Morogoro zikiumia sana. Nakumbuka bucha la mtaani kwetu lilivyokuwa tupu, muuzaji amekaa anapunga nzi. Mwaka 2022 Ruangwa, mkoani Lindi, ikaingia homa ya mgunda, watu wakaanza kusema ni uchawi au ni ugonjwa mpya, kumbe ni vimelea vinavyoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, vimelea ambavyo watafiti wa Chuo cha Sokoine walikuwa wameshavifuatilia miaka mingi. Mji wetu mvua ikinyesha, Jangwani na Mbagala watoto wanacheza kwenye maji yaliyochanganyika na kila kitu.

Kichaa cha mbwa sitakiandika kirefu kwa sababu kinaniuma. Mtoto wa mtaa wa pili aling'atwa na mbwa asiye na mwenyewe, wakampaka mafuta ya taa na kitunguu saumu. Bibi mmoja ndiye aliyesema aoshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, apelekwe hospitali usiku uleule. Aliosha yeye mwenyewe, na mtoto yuko hai. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huo vinatokana na mbwa, na mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Kuchanja mbwa wa mtaa mmoja ni kazi ya Jumamosi moja kwa wanafunzi wanne na kasha moja la barafu.

Ndiyo maana naomba, na naomba kwa kueleza.

Ninaowafahamu waliosoma Morogoro wakaja huku kwa mafunzo ya vitendo wamekuja mmoja mmoja, wiki chache, kila mtu akijitafutia pa kukaa na mtu wa kumpokea. Wengine wanakaa ofisini wanapanga mafaili. Ndaki na halmashauri zikae pamoja, zichague kata zenye wafugaji wengi: Chanika, Kitunda, Goba, Mbagala, Kigamboni. Waletwe wanafunzi wa mwaka wa tano kwa zamu, wakae miezi mitatu, wawe na mwalimu wao na bwana mifugo au bibi mifugo wa kata. Asubuhi moja wawe mnadani Pugu wakimwangalia ng'ombe kabla hajachinjwa, siku nyingine machinjioni wakishika ini na mapafu wakitafuta vifuko vya minyoo, jioni waje mabandani. Wapate kuona kuku wa mjini wanavyoumwa kwa msongamano, na ng'ombe anayelishwa maganda ya sokoni akameza mfuko wa plastiki. Sidhani kuna kitabu kinachofundisha hilo kama tumbo lenyewe likifunguliwa.

Najua mtaniambia fedha. Nimehesabu kwa upande wangu mmoja tu. Kuku 310 waliokufa, kwa bei ya kuku anayetaga, ni mamilioni ya shilingi, na mkopo nilioanzia banda nilikuwa bado nalipa. Wafugaji wanne wa mtaa wangu walipata msiba huohuo mwezi uleule. Ukijumlisha hasara ya mtaa mmoja unapata posho ya wanafunzi kadhaa. Hiyo ni hesabu ya mwanamke aliyeishia kidato cha nne. Wenye wataalamu wa uchumi wanaweza kuifanya vizuri zaidi.

Ombi dogo lililo ndani ya ombi kubwa: waelezeni wauza dawa. Ndaki ingetoa kozi fupi ya wiki moja, kwa Kiswahili, kwa wanaouza dawa za mifugo na kwa sisi tunaofuga, tukatoka na cheti chenye jina la chuo, ningelipa ada hiyo leo. Kijana aliyeniuzia antibiotiki hakuwa na nia mbaya. Aliuza alichoambiwa kinauzika.

Binti yangu sasa yuko kidato cha sita. Tangu usiku ule wa tochi ya simu anasema anataka tiba ya wanyama, na mwaka huu ndiyo itakuwa chaguo lake la kwanza. Wajomba zake wamekuja juu: mtoto ana akili za kusoma udaktari, anakwenda kusomea ng'ombe? Kwenye kikao cha familia niliwaeleza habari za panya buku na kifua kikuu, nikawaeleza kwamba aliyesoma kule anaweza kufanya kazi maabara, bandarini kwenye mizigo ya nyama, kwenye hifadhi za wanyamapori, viwanda vya maziwa, wizara ya afya. Walinisikiliza. Kisha kaka yangu mkubwa akauliza, "Sawa, na ajira?" Hapo nilikosa neno, kwa sababu kijana mwingine, wa mtaa wa jirani, amemaliza kule Morogoro miaka miwili iliyopita, ameandikishwa na Baraza la Veterinari kama sheria inavyotaka, na anauza vifaa vya simu Kariakoo. Nampitia pale mara kwa mara. Ananiuliza kuku wanaendeleaje, anauliza maswali yaleyale mazuri, huku anamfungia mteja kava la simu.

Mkurugenzi wa halmashauri anayesoma hapa, huyo kijana yuko dakika arobaini kutoka ofisini kwako. Ana miaka mitano ya masomo, na mkopo wa elimu ya juu aliousomea ni fedha yetu sote.

Waheshimiwa, treni ya umeme inatoka Morogoro na inasimama Pugu. Mwanafunzi akishuka pale, daladala ya Chanika hazikosekani. Nyumbani kwangu kuna chumba cha uani chenye vitanda viwili na umeme. Nilikuwa nakipangisha, nimekiacha wazi tangu mwezi uliopita. Banda lina kuku 250 sasa, kisima kiko hapohapo, na ng'ombe mmoja anatarajia kuzaa mwezi wa nane, uzao wake wa kwanza. Nitafurahi kama siku hiyo kutakuwa na mtu pembeni yangu anayejua ndama akigeuka tumboni anashikwa wapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama mfugaji, Chanika, Dar es Salaam